Sindano ya Kulaza Uchungu

Kama umezaliwa katika nyumba ambayo mwanamke akilia wakati wa uchungu wazee huinamisha vichwa kwa aibu, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Wengine wasome pia, lakini wewe ndiye niliyekuwa nakuona machoni nilipokaa kuandika.

Mimi ni Nyangeta. Shule niliiacha darasa la tatu, mama alipofariki. Baba alikuwa ametangulia, na wadogo zangu wawili, Nyamisi na Wambura, hawakuwa na mtu mwingine karibu. Mama alifia kwenye uzazi. Alikuwa ndani na wanawake siku nzima, nami nilikuwa uani nasaga mtama, na sikusikia hata mguno mmoja. Msibani watu walimsifu. Walisema amekwenda kama mwanamume aliyesimama mbele ya kisu cha jando bila kupepesa macho. Nilikuwa mtoto, nikajivunia.

Nilipoolewa na Magesa, aliyekuwa akichimba dhahabu Buhemba, nilimwambia kabla ya mahari kwamba nakuja na wadogo zangu. Alikubali. Mama yake hakufurahi. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba watoto wa wenzake wameoa wake, wa kwake ameoa ukoo. Hata hivyo hakuwahi kuwanyima wale watoto chakula, na hilo naliweka hapa kwa sababu ni haki yake. Boma letu lilikuwa upande wa Butiama, na mama mkwe ndiye aliyezalisha wanawake wote wa pale.

Uchungu wa kwanza ulinishika wakati wa kiangazi, pamba zikiwa zinasombwa kwenda Bunda. Mama mkwe aliniingiza ndani ya nyumba yake, akanipigisha magoti mbele ya nguzo ya kati, ile inayobeba paa, akaiweka mikono yangu juu yake. Aliniambia kila mke wa boma lile ameshika nguzo hiyo. Nikizidiwa ning'ate kanga. Kelele ni mwiko, maana waliotutangulia wanasikia, na mtoto akiusikia woga wa mama yake hurudi nyuma.

Nilishika. Uso wangu ulikuwa karibu sana na ule mti, nikawa nautazama kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Ulikuwa mweusi kwa moshi na laini kwa mikono ya watu. Mahali pamoja, usawa wa mdomo wangu, palikuwa na makovu mafupi mafupi. Nikafikiri ni alama za shoka la aliyeuchonga.

Mtoto hakuja. Jua lilizama, likachomoza, nami bado nimepiga magoti. Hapo wanawake walianza kunong'ona, maana kwetu mtoto akichelewa mama huulizwa amelala na nani nje ya ndoa. Mama mkwe aliinama karibu na sikio langu.

"Taja," akasema.

"Nimtaje nani, mama?"

"Unamjua mwenyewe. Mtoto hajifungii mlango bure."

Sikuwa na wa kumtaja. Niliapa kwa kaburi la mama yangu. Sijui kama aliniamini. Aliinuka, akawaambia wengine kwamba mimi si mwongo, na kwamba labda nipelekwe kwa wazungu wa misheni. Nyamisi alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukutani. Hakungoja watu wakubaliane. Alikimbia hadi barabarani akasimama katikati, mikono ameinyoosha, akalizuia lori la Mzee Salum, mfanyabiashara wa Bunda aliyekuwa amepakia pamba.

Walinilaza juu ya magunia. Mama mkwe alikaa upande mmoja, Nyamisi upande mwingine. Mzee Salum aliendesha taratibu kama mtu aliyebeba mayai, na kila baada ya korongo alisimama, akatoa kichwa nje.

"Binti, uko hai huko nyuma?"

"Yuko hai," Nyamisi alijibu.

"Mbona simsikii?"

"Kwetu hawaliagi."

Nasikia alitikisa kichwa. Hakutaka malipo, na pale misheni alikataa kuondoka mpaka aone nimeingizwa ndani.

Zahanati ile ilikuwa na chumba kimoja cha wazazi. Mkunga alikuwa Mama Rebeka, mwanamke mwema, mnene, aliyetoka upande wa Tabora. Juu yake alikuwepo sista wa Kizungu, ambaye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kabati la dawa kali. Wote walikuwa wachache kuliko kazi. Mama Rebeka alipita kitanda hadi kitanda akiongozwa na masikio. Aliyepiga kelele alimkimbilia. Aliyekuwa kimya alimpita, akidhani wakati wake bado.

Kitanda cha pili alilala Mwanaidi, mke wa fundi cherehani wa Bunda. Sijapata kusikia mdomo kama ule. Alimlaani mumewe, akamlaani aliyewaozesha, akaagiza kwamba fundi akija kumwona aambiwe aanze kwa kujishona suruali yake mwenyewe, mbele. Hata sista, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, aligeuka ukutani acheke. Wakamchoma sindano ya pajani. Muda si mrefu matusi yakaanza kukatika, akalala, akawa anaamka uchungu ukija na kusinzia ukiondoka. Nilimtazama kama mtu mwenye njaa anavyomtazama mwenzake akila.

Kabla hajasinzia kabisa alinigeukia.

"Wewe dada, mbona kimya kama samaki furu kwenye chungu? Lia. Hapa hawasikii kwa macho."

Mama mkwe alikuwa amekaa barazani, chini ya dirisha. Niliuona upindo wa kanga yake. Nikang'ata ya kwangu.

Mama Rebeka alipita tena. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema kidogo. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kujibu, kama vile mtu akiulizwa habari husema nzuri hata kama nyumbani kuna maiti. Akanigusa shavu, akasema, "Wewe bado, mama, pumzika," akaenda kwa wanaolia.

Ni Mwanaidi aliyeniokoa, baada ya kujifungua mtoto wake wa kike. Aliomba maji, akaona midomo yangu ilivyokauka, akamwita Mama Rebeka kwa sauti ile ile ya matusi. Mama Rebeka alikuja, akaweka mkono wake ndani, na uso wake ukabadilika. Alimwita sista. Walisemezana kwa haraka. Mtoto alikuwa amekwama kwa muda mrefu sana, na ilibidi avutwe kwa koleo. Ndipo nami nikachomwa ile sindano, kwa sababu bila hiyo nisingevumilia koleo.

Dawa yenyewe wanaiita pethidini. Nieleze ilivyo, maana wengi waliniuliza wakiogopa. Haiondoi uchungu. Uchungu unabaki, lakini unatoka juu ya kifua chako na kwenda kusimama mlangoni, nawe unaweza kuutazama kama unavyomtazama mtu usiyemdai wala asiyekudai. Mdomo unakauka. Kichwa kinazunguka, unaweza kutapika. Pua inawasha. Unasinzia na kuota ndoto fupi fupi. Nilimwona mama yangu akichambua mtama, akaniuliza mbona nimechelewa. Waliponivuta nilijua wananivuta, na nilijua ni mimi, ila haikunihusu sana.

Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Moyo wake ulikuwa unapiga, Mama Rebeka aliniwekea kidole pale niuhisi. Walimsugua, wakampulizia pumzi, wakamning'iniza. Alivuta hewa kidogo kidogo kama mtu aliyelala sana. Sista alimfunika akakaa naye mapajani bila kuondoka. Alilala hivyo hivyo mpaka jioni, kisha haukuwa usingizi tena.

Mama mkwe alimpokea mtoto kwenye kitambaa. Alimtazama usoni muda mrefu. Halafu akaniambia, bila hasira, na ingekuwa hasira ingekuwa nafuu:

"Uchungu ulikuwa unauweza. Ulikuwa hulii. Sindano ilikuwa ya nini?"

Mama Rebeka alisema mtoto alikaa njiani mno. Mama mkwe alisema mtoto alilazwa na dawa. Mimi sikujua, na mpaka leo sijui. Niliwahi kumwuliza sista, akanijibu kwamba dawa hupita kwa mama ikamfikia mtoto pia, na ikichomwa mwishoni mtoto huweza kutoka na usingizi, lakini aliyechoka vile huenda asingeamka hata bila dawa. Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Sikupata usingizi kwa sababu ya jibu lile.

Nilibaki misheni mpaka pamba zilipokwisha barabarani. Walinitia mpira wa mkojo ili nipone ndani. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa kuanzia gotini, kwa mshipa kubanwa na mtoto muda mrefu. Nikiunyanyua, wayo unaning'inia kama sikio la mbuzi. Siku za mwanzo walinichoma ile sindano tena, kwa maumivu ya kuchanika, na hapa nataka usikilize vizuri. Niliipenda. Niliingoja kuliko uji. Ilikuwa inanipeleka mahali ambapo mtoto hakuwa amekufa, au alikuwa amekufa lakini mbali, kwa watu wengine. Walipoacha kunichoma niliomba. Nilidai kwamba naumwa, na nilikuwa naumwa kweli, ila si mahali nilipoonyesha. Mama Rebeka alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Dawa hii ni mgeni," akasema. "Ukimpa kiti, anahamia. Lia, mama. Sasa hivi lia tu."

Sikulia. Nilitetemeka usiku na mchana, kisha ile hamu ikapita.

Nyumbani Nyamisi alinikanda mguu kwa maji ya chumvi kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Yeye ndiye aliyebuni kukata mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kutoka kwenye vidole vyangu hadi chini ya goti, ili wayo usiburuzike. Nikaanza kutembea kama jogoo. Wambura alinicheka, nami nikacheka, ilikuwa mara ya kwanza. Mvua za vuli zilinikuta nikitembea na fimbo. Za masika zilinikuta bila fimbo, nikipanda mtama.

Magesa alikuwa akikaa Buhemba muda mrefu kuliko zamani. Akija, anakaa nje akinoa panga lisilohitaji kunolewa. Jioni moja aliniuliza kama niliiomba sindano. Nikamwambia sikuiomba, nilichomwa. Akasema basi. Lakini aliendelea kunoa. Mama yake aliwaambia watu waziwazi kwamba mjukuu wake aliuawa na dawa ya wazungu, na kila mwanamke wa boma mwenye mimba alisikia. Mmoja wao alijifungua kwenye ile nguzo msimu uliofuata, kimya kabisa, akapona. Nyumba nzima ikanitazama.

Mavuno mawili yalipita, nikashika mimba tena. Nilijua kitu kimoja tu: nikibaki pale, mimi na huyu mtoto tutakwenda alikokwenda mama yangu, na watu watatusifu. Na Nyamisi ataacha kila kitu awalee wengine, kama mimi. Magesa alipokuja nilimwambia nataka kwenda Musoma mapema, nikakae kwa shangazi yangu, mtaa wa Kamunyonge, mpaka nijifungue, karibu na hospitali. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisichomwe. Sikusema ndiyo wala hapana. Nilisema nimekusikia.

Siku ya safari nilimkuta mama mkwe amekaa barabarani juu ya kifurushi chake.

"Unaenda wapi, mama?"

"Unakoenda."

Alikuja kulinda nisichomwe. Sote wawili tulilijua hilo.

Kwa shangazi tulikaa wiki za mvua, mume wake akituletea ningu kutoka ziwani, na mama mkwe akilalamika kwamba samaki wa mjini wana miiba mingi, huku akiwamaliza. Usiku alinifunika kanga yake akidhani nimelala. Mchana hakuacha kunikumbusha: "Wakija na sindano, kataa."

Uchungu ulinishika alfajiri. Tulikwenda hospitali kwa miguu, taratibu, wayo wangu ukipiga ardhi. Wasindikizaji walibaki barazani. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake nikauona tena upindo wa ile kanga. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi mingi kwamba safari hii nitapiga kelele kama Mwanaidi. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nilijaribu tena, uchungu ukaja mkubwa, nikajikuta nimeng'ata kanga. Muuguzi akanipita.

Ndipo nikaelewa kwamba kulia sitaweza kamwe. Nikaitoa kanga mdomoni. Nikasema, kwa sauti ya kawaida ya kuomba chumvi kwa jirani:

"Muuguzi, naumwa. Naumwa sana. Mtoto wa kwanza alikwama, akafa, kwa sababu sikusema. Usinipite. Na kama mna sindano ya kulaza uchungu, nichome sasa, usingoje mwisho."

Nje, ule upindo wa kanga ulipanda ukafunika kichwa.

Muuguzi alirudi. Alinipima, akasema njia iko wazi ila mtoto amegeuza uso, kazi itakuwa ndefu. Akamwita daktari. Nilichomwa jua likiwa bado chini. Uchungu ukaenda kusimama mlangoni, nami nikaacha kupigana nao. Nilipumzika. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu anaweza kupumzika mle ndani. Dawa ilipopungua nguvu, nilikuwa na nguvu zangu mwenyewe, na mchana, mvua ikipiga mabati, nilimsukuma mtoto kwa mwili wangu bila koleo.

Hakulia.

Nilimwona mikononi mwa muuguzi, amelegea, macho amefumba. Niliijua ile sura. Dawa iliyobaki kichwani ilinizuia hata kuogopa haraka. Woga ulikuja polepole, kama maji yanayoingia chini ya mlango. Muuguzi alimsugua mgongo. Akampiga nyayo kwa kidole. Mara mama mkwe alikuwa ndani. Sijui alipitaje, maana ilikatazwa. Alichovya ncha ya kanga yake kwenye ndoo ya maji baridi, akampangusa mtoto usoni, akaanza kumwita kwa jina la babu yake, baba wa Magesa, mara moja, mara nyingine, kama anavyoitwa mtu aliyepitiwa na usingizi wakati kuna kazi.

Mtoto alikunja uso. Alipiga chafya. Kisha akalia, na mama mkwe akakaa sakafuni.

Jioni alikaa karibu na kitanda changu akimtazama mtoto akinyonya kwa uvivu. Nilingoja aseme la sindano. Aliangalia mlangoni kwanza kama kuna mtu.

"Ikoje?" akaniuliza.

"Nini, mama?"

"Hiyo dawa. Mtu anasikiaje?"

Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, kwamba uchungu unasimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua.

"Wa tatu wangu alikaa vibaya," akasema. "Yule aliyefuata Magesa. Huyo hukumjua, hakuna aliyemjua. Nilikuwaga na kanga moja tu, ikachanika. Nikang'ata mti."

Nilimshika mkono, naye akauacha kwa muda, kisha akauondoa na kuniambia ninyonyeshe upande wa pili.

Wewe unayesoma, sikwambii sindano ni nzuri wala mbaya. Ina usingizi wake kwa mtoto, na ina utamu wake kwa mama ambao ni hatari. Uliza mapema, ili wanaokuchoma wajue wakati wa kuchoma. Kama unaweza kulia, lia. Kama umelelewa kama mimi, basi sema. Waambie panapouma na ulivyojifungua zamani, na usiseme kidogo.

Tuliporudi nyumbani, niliingia katika nyumba ya mama mkwe kumlaza mtoto kivulini. Nilipiga magoti mbele ya nguzo ya kati, nikatafuta yale makovu niliyodhani ni ya shoka. Nilipitisha kidole. Yalikuwa safu mbili, moja ikitazamana na nyingine, zimejipinda. Mama mkwe alisimama mlangoni akaniona.

"Achana na huo mti," akasema. "Mtoto analia."

Alikuwa analia kweli. Nilimwacha alie kidogo, sote wawili tukimsikiliza.